Fedora Silverblue kwenye stationari: sistimu imefungwa, sasa ikoni ya menyu ikae wapi?

Mbukwenyi wakuu. Hii ni rivyuu ya Fedora Silverblue, aina ya Linux unayoweka kwenye kompyuta badala ya Windows, ila simwandikii yule mwenye laptopu yake moja na intaneti ya fiba nyumbani, huyo rivyuu zake zipo nyingi. Namwandikia mwenye stationari, mwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, mwalimu aliyekabidhiwa chumba cha kompyuta, yaani yeyote ambaye mashine zake zinashikwa na watu asiowajua hata majina. Mimi ni fundi hapa Dodoma na mashine ninazozisemea ziko stationari ya shemeji yangu upande wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Dell Latitude na ThinkPad za mtumba, na kama unaujua upande ule basi unajua msimu wa maombi ya mkopo ukifika mle ndani hapakaliki, kila mtu na flashi yake, kila flashi na mambo yake.

Kabla ya hapo kazi yangu pale ilikuwa moja tu, kupiga windo. Mwezi hauishi simu inaita, shem njoo, mashine ya dirishani imejaa matangazo, ile ya katikati printa haionekani, mtu kaweka programu ya kushusha muziki imekuja na wenzake wanne. Unapiga windo, unaweka Office, unaweka drava, wiki ijayo unaanza upya. Ndio nikaamua kuzihamisha mashine za pale kwenda Silverblue.

Silverblue ni Fedora ile ile ya siku zote yenye desktopu ya GNOME, tofauti yake folda ya /usr, ambako programu za sistimu zote zinakaa, imefungwa, inasomeka tu haiandikiki, na haimfungii mteja peke yake, hata wewe fundi ukiwa ruti, yaani mwenye mamlaka yote ya mashine, ukijaribu kutupia kitu mle inakukatalia. Sistimu nzima inakuja kama mzigo mmoja uliopangwa na Fedora wenyewe, ukiapdeti mzigo mpya unapangwa pembeni, ukiristati ndio unaingia kwenye mpya na ule wa zamani unabaki pale pale, kwa hiyo mpya ukizingua unachagua wa zamani kwenye skrini ya kuwashia au unapiga rpm-ostree rollback maisha yanaendelea. Jina la Silverblue lilianza 2018, kabla ya hapo iliitwa Atomic Workstation, na ndugu yake mwenye desktopu ya KDE badala ya GNOME anaitwa Kinoite, huyo alikuja na Fedora 35 mwaka 2021.

Wale wa zama za internet cafe mtasema aah hiyo si ni Deep Freeze tu. Hapana, Deep Freeze ukizima na kuwasha inafuta kila kitu kwenye diski iliyogandishwa, mtu kaandika ripoti yake ya field saa nzima, umeme ukikatika ripoti imekwenda na yeye anakuangalia wewe. Hapa vitu vya watu vinabaki, /home ipo na kwa kweli iko ndani ya /var, na /var inaandikika kama kawaida, na /etc, folda ya mipangilio, inaandikika pia. Kilichofungwa ni ile sehemu ambayo mteja hana biashara nayo hata kidogo.

Na kwa kuwa nimeutaja umeme, hapa ndipo ilipopata nyota zake nyingi kutoka kwangu. Ukikatika katikati ya apdeti mashine inarudi kwenye mzigo wa zamani kana kwamba hakuna kilichotokea, sababu ule mpya haujakabidhiwa bado. Na kabla msimu haujaanza unaupigia pini ule mzigo unaouamini, sudo ostree admin pin 0, hautafutwa hata ukiapdeti mara ngapi. Shemeji hajui hata kama kuna kitu kama hicho, ila anajua simu za "shem njoo" zimepungua.

Haya sasa tuje kwenye kisanga chenyewe, maana ndicho kilichonifanya niandike.

Kaunta wanatumia programu ya mauzo na stoo tuliyonunua kwa kampuni moja hivi, sitaitaja. Inakuja kwenye faili moja la kufungua lenye skripti ya kuwekea. Unaikimbiza kama ruti, inakopi programu kwenda /opt, inaweka ikoni, inaweka faili la menyu, inamaliza kwa kukuandikia kuwa zoezi limefanikiwa. Kwenye Silverblue nayo ikaandika imefanikiwa, vizuri, dada wa kaunta anafungua menyu, hakuna kitu. Anaandika jina kwenye kutafuta, hakuna. Nikaikimbiza tena nikiisoma mstari kwa mstari, juu kabisa kabla ya ule mstari wa kujisifu kulikuwa na hii:

cp: cannot create regular file '/usr/share/applications/mauzo.desktop': Read-only file system

Programu yenyewe ilikuwa imeingia vizuri kabisa, kwa sababu /opt kwenye Silverblue ni linki tu inayokwenda /var/opt na huko kunaandikika. Kilichokataliwa ni kile kifaili cha menyu na picha ya ikoni iliyotaka kwenda /usr/share/pixmaps. Skripti haikuandikwa isimame ikikosea, ikaendelea mbele kiroho safi.

Dogo mmoja anayenisaidia, mjanja kweli kweli, akapekua akapata amri ya rpm-ostree usroverlay, ile inayofungua /usr kwa muda. Akaifungua, akakopi faili, ikoni ikatokea, dada wa kaunta akafurahi, dogo akaagiziwa soda. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi simu: "Kaka, ile ikoni imeyeyuka." Lazima iyeyuke, kwa sababu ule ufunguo unatandika tabaka la muda tu juu ya /usr na ukiristati linaondoka na vyote ulivyoweka juu yake. Ile amri ni ya kujaribia vitu, siyo ya kuwekea programu ya biashara.

Sasa swali la msingi ni hili, kile kifaili cha .desktop kilitakiwa kikae wapi? Na jibu lipo siku nyingi tu, kabla hata Silverblue haijazaliwa. Freedesktop, ule mradi ulioanzishwa na Havoc Pennington mwaka 2000 ili desktopu za Linux zielewane, waliandika utaratibu kwamba desktopu isitafute programu kwenye folda moja tu, itafute kwenye orodha ya folda. Ya kwanza ni ya mtumiaji mwenyewe, ~/.local/share, halafu zinafuata zile zilizotajwa kwenye mpangilio unaoitwa XDG_DATA_DIRS, na kama hakuna aliyeziandika basi ni /usr/local/share kisha /usr/share. Ndani ya kila moja kunatazamwa folda ya applications. Kabla ya hapo ilikuwa kila mtu na lwake, KDE wanaweka vya kwao /usr/share/applnk, GNOME wanaweka /usr/share/gnome/apps, ukiweka programu moja inaonekana huku kule haionekani.

Kwa hiyo /usr/share/applications haijawahi kuwa mahali pa kila mtu. Hata ule mwongozo wa zamani wa mpangilio wa folda za Linux, FHS, unasema wazi kwamba /usr ni ya data za kusoma tu na zinazoweza kutumiwa na mashine zaidi ya moja. Aliyeruhusiwa kuandika mle ni yule aliyeijenga sistimu, na /usr/local ndiyo aliyoachiwa msimamizi wa mashine. Ni kama chumba cha kupanga pale Ng'ong'ona, ukuta ni wa baba mwenye nyumba, ukitaka rafu ya vyombo nunua ya kusimama chini, usitoboe. Linux nyingine nyingi zinamwachia mpangaji atoboe anavyotaka kwa sababu mwenye nyumba hayupo, Silverblue imeamua kuwa na mwenye nyumba anayeishi humo humo.

Watengenezaji wengi hawajui hili kwa sababu kwenye Ubuntu skripti yao inapita, wanajaribu mara moja wanafunga faili wanauza.

Nilivyofanya mimi ni hivi. Pale kila mashine ina akaunti tatu, ya mteja, ya kaunta na ya fundi. Kama kitu ni cha akaunti moja basi kifaili kinakwenda ~/.local/share/applications ya hiyo akaunti na kazi imeisha, hakuna ruti wala nini. Ila programu ya mauzo naitaka ionekane na akaunti ya kaunta na ya fundi, kukopi kwenye kila nyumba ni kujitafutia kazi, siku ukibadilisha njia ya programu unaanza kuzunguka. Kwa hiyo inakwenda /usr/local/share/applications. Utashangaa, si umesema /usr imefungwa? Ndiyo, lakini /usr/local kwenye Silverblue ni linki, iko /var/usrlocal, inaandikika na haiguswi na apdeti. Huu ndio ujanja ambao ulitakiwa uandikwe kwa herufi kubwa mahali ambapo mtu anayeanza anaupata siku ya kwanza.

sudo mkdir -p /usr/local/share/applications
sudo install -m 644 mauzo.desktop /usr/local/share/applications/

Kama folda umeitengeneza sasa hivi toka kwenye akaunti uingie tena, wakati mwingine GNOME haijaanza kuitazama. Ndani ya faili angalia mistari miwili tu, Exec= iwe na njia nzima ya kwenda /opt, na Icon= unaweza kuipa njia nzima ya picha badala ya jina, hapo hata pixmaps huihitaji. Mimi niliongeza na Name[sw]=Mauzo na Stoo kwa sababu akaunti ya kaunta iko kwa Kiswahili na lile jina la asili lilikuwa refu mpaka linakatwa na vidoti.

Kama wewe ndiye unayeandika programu, usijisumbue hata kukisia folda, ipo amri ya xdg-desktop-menu install, ukiiita kama mtumiaji wa kawaida inaweka kwenye nyumba ya huyo mtumiaji. Itakudai jina la faili lianze na jina la kampuni na kistari, kitu kama kampuni-mauzo.desktop, na hapo iko sahihi maana mauzo.desktop ziko ngapi duniani.

Faida nyingine ya ule mpangilio wa folda, na hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, ni kwamba faili lenye jina lile lile kwenye folda ya mwanzo linalifunika la folda ya nyuma. Akaunti ya mteja sitaki ione mipangilio ya sistimu, sitaki ione duka la programu, sitaki ione terminali. Zamani ungeenda kufuta faili kwenye /usr/share halafu apdeti ikija inalirudisha, mnakimbizana hivyo mwaka mzima. Sasa nakopi org.gnome.Settings.desktop kutoka /usr/share/applications kwenda ~/.local/share/applications ya mteja, naongeza mstari wa NoDisplay=true, basi, kwenye menyu haipo. Cha sistimu sijakigusa, akaunti yangu bado inaiona, na nikitaka irudi nafuta kile kikopi changu. Kuna na Hidden=true, hiyo ni kali zaidi, inahesabu programu kama haipo kabisa, wakati NoDisplay inaiondoa kwenye menyu lakini ukibofya faili lake bado inafunguka. Tuelewane lakini, huku ni kuficha tu, mwanafunzi wa kompyuta sayansi anayejua anachotafuta ataipata. Kwa mtu aliyekuja kuchapa CV inatosha.

Flatpak, yaani programu zinazofungashwa kivyake nje ya sistimu, nazo zinafuata njia hiyo hiyo. Programu ukiiweka kwa Flatpak haigusi /usr, faili lake la menyu linatokea /var/lib/flatpak/exports/share na njia hiyo inaongezwa kwenye XDG_DATA_DIRS unapoingia. Ndiyo maana LibreOffice na Firefox za Flathub, duka la Flatpak la mtandaoni, zinaonekana zenyewe bila mtu kutoboa chochote. Ukiona ikoni za Flatpak zimepotea zote kwa mpigo, asilimia kubwa kuna mtu kaandika XDG_DATA_DIRS yake mwenyewe kwenye .bashrc au /etc/environment akasahau kuziongeza zile zilizokuwepo.

Kwa wa Kinoite kuna jambo moja zaidi. GNOME haina menyu ya makundi kama KDE, ile ya Ofisi, Intaneti, Michoro. Hayo makundi yanapangwa na faili la .menu lililoko /etc/xdg/menus, na sababu /etc inaandikika utajaribiwa kulihariri. Usiliguse. Apdeti ikija Silverblue na Kinoite zinalinganisha /etc yako na ya kiwandani, faili ulilolibadilisha linabaki la kwako, maana yake mabadiliko mapya ya wenyewe kwenye lile faili huyapati tena na hakuna atakayekuambia. Tengeneza faili lako dogo uliweke /etc/xdg/menus/applications-merged, linaunganishwa lenyewe juu ya lile kubwa. Na ukipewa mashine iliyopita mikononi mwa fundi mwingine, piga sudo ostree admin config-diff ujue kagusa nini kwenye /etc, halafu rpm-ostree status ujue kaongeza vifurushi gani. Kwa amri mbili unamjua mtu aliyekutangulia, kwenye Windows hiyo huipati hata uombe.

Sasa ubaya wake, maana upo.

Bando. Flatpak ya kwanza unayoweka inavuta na msingi wake, mamia ya MB, kabla hujaiona programu yenyewe. Apdeti za sistimu nazo si ndogo, na GNOME inapenda kushusha kimya kimya. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uiambie huo mtandao unalipiwa kwa kipimo, itatulia. Mimi nashushia kwenye mashine moja usiku bando likiwa la bei rahisi, halafu Flatpak nazihamisha kwa flashi na amri ya flatpak create-usb, mashine nyingine zinaweka kutoka kwenye flashi. Inataka subira kidogo mara ya kwanza, ukishaielewa unaokoa hela ya maana.

RAM. Za 4GB zinatembea ila mteja akifungua tabo nane na LibreOffice juu yake inaanza kupumua kwa shida. Weka 8GB, hizi za mtumba kuongeza RAM si gharama ya kutisha.

Printa. Hizi za kawaida zinazoongea na mtandao bila drava zinakubali mara moja. Printa ikidai drava yake yenyewe utabidi uiongeze kwa rpm-ostree install na uristati, kila kitu unachoongeza kwa njia hiyo kinafanya apdeti kuwa nzito, kwa hiyo ongeza kile tu ambacho hakiingii kwa Flatpak. Na ile kuristati kila ukiongeza kitu inaudhi, sikatai, hasa dada wa kaunta anapokusubiri huku foleni imefika nje kwenye vumbi.

Na Office. Kuna watu wameletewa fomu za Word zenye mafumbo yao, LibreOffice inazifungua zimepinda. Kwa ajili ya hao tumeacha mashine moja ya Windows kwenye kona, sitaki kukudanganya kwamba tumehama wote.

Nyota nne kwa tano. Kwa stationari, shule, maktaba, chumba cha kanisa au msikiti chenye kompyuta za vijana, weka bila wasiwasi. Kama wewe ni mtu wa kubadilisha drava kila wiki na kupekua ndani ya /usr kwa raha zako, chukua Fedora ya kawaida, hii mtagombana.

Ile kampuni ya programu ya mauzo niliwaandikia, nikawaonyesha mistari miwili ya skripti yao ya kubadilisha, /usr/share iwe /usr/local/share kwa faili la menyu na kwa ikoni. Wakajibu kwa heshima kabisa kwamba wamepokea na watalifanyia kazi kwenye toleo lijalo. Toleo likaja, lina rangi mpya na kitufe cha kutuma risiti WhatsApp, skripti ni ile ile. Kwa hiyo kabla ya kuikimbiza naipitisha hivi kwanza:

sed -i 's#/usr/share/#/usr/local/share/#g' weka.sh

Hakikisha kwanza kwa grep kwamba skripti yako haisomi kitu kingine kutoka /usr/share, na kwamba folda ya pixmaps ipo kule /usr/local/share, la sivyo ikoni itakataa tena halafu utaandikiwa imefanikiwa.